Moyo Uliokunywa kwa Mrija

Katika Kampala nzima, Rosalba Anena ndiye pekee aliyekuwa akiamka asubuhi, akapanda kilima kwa miguu, akavaa koti jeupe na kuanza kuitukana nyama. Si nyama ya buchani. Hiyo mwaka ule ilikuwa imekuwa mgeni wa heshima, ikionekana siku za sikukuu na kwenye nyumba za wenye nyota mabegani. Nyama ya Anena ilikuwa ndani ya vibakuli vya kioo, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa, na aliitengeneza mwenyewe.

"Amkeni, wavivu nyie," aliiambia, jicho moja kwenye hadubini. "Jana nimewapa sukari ambayo hata mke wa waziri hajaionja. Pigeni kazi!"

Nayo ilipiga kazi. Hapo ndipo wageni walipokuwa wakiomba kiti. Anena alikuwa akichukua moyo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa, mdogo kama punje ya mtama, akaulegeza kwa dawa mpaka seli zake zikaachana, kila moja na njia yake. Kisha alizimwaga juu ya rojo jembamba, akazilisha maji ya chumvi, sukari na maji ya damu ya ndama aliyoyaomba machinjioni. Baada ya muda seli zile zilitafutana, zikashikana, zikaanza kudunda. Mwanzoni ilikuwa vurugu, kama bendi ya polisi inayojaribu tarumbeta. Halafu zote zikaingia mdundo mmoja. Kuku hakuwapo, yai halikuwapo tena, lakini moyo ulikuwa unadunda kwenye kibakuli. Padri mmoja aliyeonyeshwa alijipiga ishara ya msalaba, akauliza kama kitu kile kimebatizwa.

Anena alikuwa Mwacholi, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka geti. Alikuwa amekuja Kampala akiwa msichana, akakaa Naguru kwa shangazi yake Alanyo, mjane wa sajini wa polisi, ambaye alikuwa amebakiziwa chumba kwenye kota za polisi kwa sababu alipika malwa, pombe ya ulezi, nzuri kuliko mtu yeyote kilimani, na hakuna mkuu wa kituo aliyekuwa tayari kuieleza serikali kwamba amemfukuza mpishi wake. Kwa malwa hiyo Alanyo alimsomesha Anena mpaka akapata cheti cha ufundi wa maabara, na kilipotoka alikitundika ukutani juu ya mitungi, kwa hiyo mpaka leo kinanuka ulezi.

Profesa aliyemwajiri, Mzungu mwenye kiko, alikwenda likizo fupi mwaka wa Wahindi kufukuzwa, na likizo hiyo ilikuwa bado haijaisha. Madaktari wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akiaga kama anayekwenda kununua sigara. Waliobaki ni Anena na Kasereka, fundi wa mitambo, Mkongo kutoka upande wa Beni, aliyekuwa amekimbia vita vya kwao na kuapa hatakimbia tena kwa sababu viatu vilikuwa vimekwisha. Anena angeweza kuondoka. Nairobi walikuwa wamemwita. Alisema hawezi kwenda, kwa sababu mpaka wa Busia haupitiki na kabati la joto la kutunzia vibakuli kichwani, na nani atawalisha wale waliomo?

Ndipo serikali ikawaletea mkurugenzi mpya: Kapteni Wanjala.

Wanjala alikuwa dereva wa lori jeshini kabla nyota hazijamwangukia. Alikuwa na kitambi cha amani na bastola ya vita. Siku ya kwanza alikagua vibakuli vyote akiwa amefunga mikono mgongoni.

"Hii ndio moyo?" aliuliza.

"Ndiyo, Afande."

"Hii kidogo kama ukurutu. Moyo gani hii? Hata panya atakataa." Akakunja ngumi, akaiweka mbele ya pua ya Anena. "Mimi nataka moyo kama hii. Kanali kutoka makao makuu anakuja kuangalia. Mimi nimeshamwambia iko kubwa."

"Afande, ikiwa nene haitaishi."

"Nani alisema?"

"Yenyewe, Afande. Hewa na chakula vinapenya kidogo tu, kama unene wa karatasi chache. Mwilini kila seli ina mfereji wa damu mlangoni. Hapa hakuna mfereji."

Kapteni alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa uso mzima. Kisha akapata dawa, ile ile ambayo jeshi lake lilikuwa likiitumia kwa kila ugonjwa wa nchi. "Kumbe shida yenu ni hawa wamekaa ovyo ovyo, kila mtu na sahani yake. Kusanya platuni zote! Changanya, fanya batalioni moja!"

Anena alitaka kubisha. Kasereka alimkanyaga mguu chini ya meza. Basi walikusanya vibakuli vyote, kazi ya miezi, wakavimimina katika chombo kimoja, wakagandisha rojo, na likapatikana donge la ukubwa wa ngumi ya Kapteni. Anena alifanya hivyo akiwa ameuma meno, kama mama anayeambiwa awanyoe wanawe wote kwa kipande cha chupa.

Donge lilianza vizuri. Nje lilikuwa jekundu kidogo, linang'aa, na hapa na pale ngozi yake ilitikisika. Kapteni alileta maafisa wenzake, wakapiga picha pamoja nalo. Lakini siku chache baadaye Kasereka aliingia asubuhi akasimama mlangoni, pua juu.

"Yaya Rosalba," alisema, maana yaya kwao ni dada, "batalioni iko inanuka."

Walilipasua mbele ya Kapteni. Nje palikuwa na gamba jembamba lililo hai. Ndani, kuanzia pale karatasi chache zinapoishia mpaka kitovuni, palikuwa uji wa kijivu.

Kapteni alirudi nyuma akiwa ameziba pua kwa kofia. "Nani anaua hawa wa katikati?"

"Walio pembezoni, Afande," Anena alisema. "Wako karibu na chakula, kwa hiyo wanakula kila kitu, na hewa yote wanavuta wao, na ndani..." Hapo masikio yake mwenyewe yakasikia mdomo unasema nini, katika mji gani, mwaka gani. Kasereka alishikwa na kikohozi.

"Endelea," Kapteni alisema polepole. "Na wa ndani?"

"Wanakufa, Afande."

"Na ukiangalia kutoka nje?"

"Kutoka nje linang'aa, Afande."

Kapteni aliufunga mlango. Aliangalia dari, akaangalia chini ya meza, kisha akasogea karibu na kile kioo na kuuliza kwa kunong'ona, "Hii nyama, ni ya chama gani?"

"Ni ya kuku, Afande."

"Sikiliza, wewe musichana. Hayo maneno usimwambie Kanali. Hata kuku usimwambie. Moyo ipige, basi. Isipopiga, mimi nitasema ni hujuma, na wewe utaenda kutoa maelezo."

Kila mtu Kampala alijua kutoa maelezo ni nini. Waliokwenda kutoa maelezo waliacha chakula motoni, na majirani ndio walioepua sufuria. Kasereka alinyanyua macho, akayashusha. Anena aliogopa, lakini mdomo wake haukuwa umezoea kutii woga.

"Ngumi siwezi, Afande," alisema. "Hata ukinipeleka sasa hivi. Kidole gumba ninaweza kujaribu. Lakini kitadunda mpaka ndani."

"Kidole gumba ya nani?" Kapteni aliinua chake, kinene kama ndizi ya bogoya.

"Tukubaliane cha kwangu."

Kapteni alikiangalia kidole chake, akaangalia cha Anena, akanung'unika kama mtu anayepunjwa sokoni. "Haya. Cha kwako."

Jumapili Anena alikaa kwa shangazi yake, akiwa na uso kama wa mtu aliyekwisha zikwa na kusahauliwa jina. Waya Alanyo, maana waya ndivyo Waacholi wamwitavyo shangazi, alikuwa ameweka mtungi katikati ya ua. Konstebo wa zamu ya mchana walikuwa wameuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wa bua, wenye kichungio kilichosukwa mwishoni ili makapi ya ulezi yasipande. Alanyo alipita na birika, akaongeza maji ya moto. Wakavuta. Mazungumzo yakaendelea kwa sauti ya chini, kwa sababu hata malwani siku zile mtu alikuwa anapima jirani yake kabla ya kucheka.

"Wewe Odur!" Alanyo alimkemea konstebo mmoja. "Mrija wako umelala hapo pembeni tangu asubuhi. Pembeni mmekwisha pakamua, mnavuta maji matupu mnaninung'unikia malwa nyepesi. Zamisha katikati! Katikati bado kali, haijaguswa."

Anena aliinua kichwa. Aliangalia mtungi: uji mzito wa ulezi, mpana, na mirija iliyochomekwa ndani yake kila upande, ikifika mpaka mahali ambapo maji ya juu hayafiki. Alisimama ghafla hata konstebo wawili wakadhani wamekamatwa.

"Waya," alisema, "mimi nimekuwa nikimwaga maji juu ya mtungi, nikishangaa kwa nini chini pakavu."

"Mwanangu, kunywa kwanza," Alanyo alisema. "Unaumwa."

Hakunywa. Kesho yake alimwambia Kasereka atafute mirija. Si ya mabua. Ya selofani, ile myembamba ambayo maabara iliitumia kuchujia chumvi, yenye ukuta unaopitisha maji, sukari na hewa lakini unazuia seli. Kasereka aliinyoosha juu ya mvuke wa maji ya moto mpaka ikawa myembamba kama kijiti cha kiberiti. Wakaichomeka kwenye chombo, mingi, ikakaribiana kiasi kwamba hakuna seli ambayo ingekuwa mbali na mrija kuliko zile karatasi chache. Anena akamwaga seli mpya kati yake. Mayai yalitoka kwa mama mmoja wa Kibuli, aliyeyatoa kwa masharti kwamba asiambiwe yanakwenda wapi.

Sasa hapo ndipo malezi mema yalipotaka kumwua. Anena alikuwa amekulia pembeni ya mtungi, na kwenye mtungi mrija una kazi moja: kuvuta. Kupuliza ni matusi makubwa. Anayepuliza mrija amewatemea wenzake wote mdomoni, na wazee wamewahi kupigana kwa sababu ya mapovu. Basi Anena, bila hata kujiuliza, alimwambia Kasereka afunge pampu ndogo ivute. Chakula kilikaa nje, pampu ikavuta kupitia donge, maji yakaingia mirijani na kutoka. Ilikuwa adabu tupu.

Siku ya pili maji yalipungua. Siku ya tatu mirija ilikuwa imekauka. Seli na rojo vilivutwa vikabanana kwenye kuta za mirija, vikaziba kila mahali, na kati ya mrija na mrija pale katikati ile rangi ya kijivu ilianza kutokea tena. Kanali alikuwa anakuja wiki ile.

Anena alishuka mpaka Naguru, akaketi kwenye kigoda jikoni kwa shangazi, akaweka kichwa mikononi. Hakulia, alikuwa anatukana kwa Kiacholi, polepole, kwa mpangilio mzuri.

"Mrija umeziba?" Alanyo aliuliza baada ya kuelezwa, huku akipepeta ulezi.

"Yote."

Alanyo aliangalia mlangoni kama hakuna mtu. Akaegemea karibu. "Ukimwambia mtu nakukana. Mimi nikiwa peke yangu na mrija ukaziba, napuliza."

"Waya!"

"Napuliza. Ulitaka nifanyeje, nifungue kichungio kila saa? Unapuliza kidogo, makapi yanakimbia, njia inafunguka. Mbele za watu nitamchapa atakayefanya hivyo. Lakini wewe na kuku wako mnamwogopa nani?"

Kile kicheko cha Anena kikatoka, mpaka konstebo wa getini akaingia kuuliza kuna nini.

Asubuhi waligeuza kila kitu. Chakula kiliwekwa kwenye chupa iliyozamishwa katika maji ya uvuguvugu chini ya meza, na ile pampu, badala ya kuvuta, ikawa inasukuma hewa safi iliyochujwa kwa pamba ndani ya chupa. Hewa ilichanganyika na chakula, ikakisukuma kikapanda mpaka mirijani, na kutoka mirijani kikajipenyeza nje kuelekea seli. Walio katikati walianza kula kwanza. Wa pembezoni walipata kilichobaki, na kilitosha.

"Usiseme hivyo kwa sauti," Kasereka alionya.

"Sijasema."

"Uso wako iko inasema."

Donge lilikaa kimya siku nzima, na siku nyingine. Anena alilitukana kwa lugha zote alizozijua, mpaka na Kifaransa alichofundishwa na Kasereka, ambacho hakikufaa mbele za watu. Halafu asubuhi moja, akiwa anasafisha kioo, aliona mwanga juu ya maji unatikisika. Akasogeza pua kwenye kioo. Kidole gumba kilikuwa kinadunda, chote, kutoka ndani. Alimwita Kasereka, na wale watu wazima wawili wakashikana mikono wakarukaruka mbele ya kabati kama wali wa harusi uko tayari.

Kanali alifika na magari mawili na walinzi ambao waliingia kwanza kukagua kama moyo hauna silaha. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, na ukimya wake ulimfanya kila mtu azungumze sana. Kapteni Wanjala alizungumza kuliko wote. Alieleza mirija kwa mikono, akaita seli askari, akaita chakula posho, akasema yeye ndiye aliyewapanga. Kanali aliinama, akaangalia kidole gumba kinachodunda. Uso wake mkavu ulifunguka kidogo.

"Kweli kinapiga," alisema.

Ndipo taa ikazimika, na pampu ikanyamaza.

"Jenereta!" Kapteni alibweka.

Kasereka aliuangalia ukuta. "Jenereta iko, Afande. Petroli ndio hakuna." Na kila mtu kwenye jengo lile, isipokuwa Kanali, alijua petroli ya jenereta ilikuwa imekwenda kuuzwa Nateete na mkokoteni wa mtu fulani mwenye kitambi. Jasho lilimtoka Kapteni, likateremka mpaka kwenye nyota.

Kidole gumba kilipunguza mwendo. Kilidunda. Kikasita. Kikadunda tena kama mtu anayepanda kilima.

"Kinakufa?" Kanali aliuliza, na swali lilikuwa dogo lakini walinzi walisimama wima.

Anena alipiga magoti, akachomoa mpira wa kupitishia hewa kutoka kwenye pampu, akaubakiza na pamba yake, akautia mdomoni. Akapuliza. Polepole, pumzi ndefu, kama anayempozea mtoto uji wa moto. Chini ya meza chupa ilitoa mapovu. Chakula kikapanda. Kapteni Wanjala, aliyezaliwa na kulelewa kwenye malwa, alishika mdomo kwa haya. Mwanamke anapuliza mrija mbele ya Kanali!

Lakini kile kidole kikadunda. Kikadunda tena. Kikarudi kwenye mwendo wake.

Anena alipuliza mpaka macho yakamtoka. Alipotaka kuvuta pumzi, mwendo ulisita. Alimwangalia Kapteni juu ya mpira, na kwa macho alimwambia kila kitu: mimi nikitoa maelezo, nitaanza na petroli.

Kapteni alipiga magoti. Kitambi kikagusa sakafu. Alichukua mpira, akafuta pamba kwa kiganja, akafumba macho kama anayefanya dhambi, akapuliza. Alikuwa na mapafu ya dereva wa lori, mapovu yaliruka.

"Pole pole, Afande!" Anena alimkemea. "Si tairi hiyo!"

Baada yake alipuliza Kasereka, akapuliza mlinzi mmoja, kisha Anena tena. Umeme haukurudi. Walipoanza kuchoka, Kanali alivua kofia, akampa mlinzi aishike, akavuta suruali magotini ili isikunjamane, na akachuchumaa chini ya meza. Alipuliza vizuri, kwa mpangilio, macho yake yameelekea juu kwenye kile kipande cha nyama ya kuku, na kila kilipodunda alitikisa kichwa kidogo, kama anayehesabiwa jambo jema ambalo hakumbuki lini mara ya mwisho alilifanya.

Taa zilirudi. Pampu ikalia. Kanali alijifuta midomo kwa leso, akavaa kofia.

"Nani aligundua hii ya kupuliza?"

"Mimi, Afande," Kapteni alisema haraka.

Anena alikohoa. Kasereka alikohoa.

"Na huyu mama alisaidia," Kapteni aliongeza.

"Huyu mama," Kanali alisema, "asiguswe na mtu." Akatoka na magari yake mawili. Hakuna aliyejua kama ilikuwa amri au heshima, lakini Kampala ya wakati ule ilikuwa imejifunza kutii vyote viwili. Wanjala alipandishwa cheo, akapewa kiwanda cha sabuni kisichokuwa na sabuni. Maabara ikabaki bila mkurugenzi, yaani ikapona.

Jumapili Anena alikwenda kwa Waya Alanyo, akaketi kwenye duara la konstebo na mrija wake. Malwa ilikuwa nzito siku ile. Alivuta, mrija haukutoa kitu. Akavuta tena, umeziba. Basi, mbele ya macho ya watu wote, Rosalba Anena aliingiza pumzi na kupuliza, na katikati ya mtungi mapovu yakapanda.

Odur aliruka kutoka kigodani. Wengine walitoa mirija yao kana kwamba nyoka ameingia. Alanyo alifika na birika mkononi, tayari kumpiga mtu.

"Nani amepuliza?"

Vidole vyote vikamwelekea Anena. Alanyo alimwangalia mpwa wake, akaangalia cheti kilichoonekana kupitia mlango, juu ya mitungi.

"Huyo mwacheni," alisema, akimimina maji ya moto katikati. "Amewapulizisha mpaka Kanali. Nyie vuteni."